Sura ya Saba: Kidato cha Chini

Sheikh alikuwa ameshashika mkono wa bwana harusi. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya nguzo ya msikiti, Tanga mjini, kompyuta mpakato mapajani, waya wa kamera nimeupitisha chini ya mkeka wazee wasije wakajikwaa. Nilikuwa na kamera moja na ruta moja yenye laini mbili za simu. Waliokuwa wakinisubiri ni ukoo mzima: kina mama nyumbani kwa bibi harusi, mtaa wa pili tu, wajomba na wake zao Muscat, binamu London, na shangazi yake bwana harusi, mtu mzima wa miaka zaidi ya 80, aliyebaki Lushoto kwa sababu magoti hayamruhusu tena kuteremka mlima.

Bwana harusi akatamka kwamba amekubali. Kabla sijainua macho, vigelegele vikalipuka kutoka kwenye simu ya kijana aliyekaa mbele yangu. Alikuwa amewapigia Muscat kwa WhatsApp, akaiacha simu wazi kwenye mfuko wa kanzu. Wake za wajomba walikuwa wamelisikia neno lenyewe papo hapo. Nusu dakika ikapita, ndipo televisheni yao ikawaonyesha bwana harusi akifungua kinywa, nao wakapiga vigelegele mara ya pili.

Lushoto hakikupigwa hata kimoja. Shangazi alikuwa ameishikilia simu ya mjukuu wake, anatazama kiduara kinazunguka juu ya picha iliyoganda. Sheikh ameinua mkono, hajaushusha. Ikawa hivyo mpaka dua ikaisha.

Muscat iko ng'ambo ya bahari. Lushoto imo ndani ya mkoa huohuo wa Tanga. Aliye mbali alishangilia mara mbili, wa karibu hakuona kitu. Kosa lilikuwa langu, na nililifanya siku mbili kabla ya harusi, nilipokuwa napanga mipangilio ya mashine ya kukodi iliyoko Cape Town. Ili kosa lenyewe lieleweke, inabidi tuifuate picha tangu kwenye lenzi mpaka kiganjani mwa mtazamaji.

Picha tunayoiita HD kamili ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni 2 katika kila fremu. Kamera yangu ilipiga fremu 25 kwa sekunde. Ukihesabu biti 12 kwa kila pikseli, ndiyo kawaida ya kazi hii, unapata megabiti 622 kila sekunde. Laini mbili za simu haziwezi kuubeba mzigo huo. Ndiyo maana picha hufinywa kabla haijatoka msikitini, na kodeki, yaani kanuni ya kufinya, ambayo wengi wetu tunaitegemea mpaka leo ni H.264, iliyokamilishwa mwaka 2003.

H.264 huigawa kila fremu katika viraka vya pikseli 16 kwa 16. (Hapa pana jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka: 1,080 haigawanyiki kwa 16. Kwa hiyo kodeki huongeza mistari 8 isiyokuwapo, ikafanya kazi na mistari 1,088, halafu ikaacha maelekezo kwamba ile ya ziada isionyeshwe. Video ya HD kamili ya H.264 unayoitazama ina pindo lililokunjwa kwa ndani, kama suruali ya mtoto anayekua.) Kisha kodeki inajiuliza kila kiraka kimetoka wapi. Nguzo ya msikiti haikusogea, ya nini kuichora tena? Mkono wa sheikh umesogea kidogo kulia. Basi andika tu umbali uliosogea. Fremu moja huchorwa kamili, zinazofuata zinaeleza mabadiliko. Megabiti 622 zikashuka mpaka 4.

Megabiti 4 laini zangu ziliziweza, kwa kubembeleza. Lakini familia iliomba matangazo yaende sehemu tatu: ukurasa wao wenyewe wenye neno la siri, kundi la faragha la Facebook kwa wajomba wasiopenda kubadili mazoea, na picha ya wima kwa vijana wa TikTok. Ningeyarusha yote kutokea pale chini ya nguzo, ningehitaji megabiti 12 za kupandisha, na mnara wa simu ulioelemewa na Ijumaa ya harusi mbili usingenipa. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya wingu, yaani ile mashine ya kukodi: unapandisha mara moja, kazi ya kuzidisha inafanywa huko kwenye umeme wa uhakika na nyaya nene.

Wingu ni jengo. Lina ulinzi getini, majenereta nyuma na feni zinazovuma usiku kucha. Picha yangu ilipanda mnarani, ikaingia kwenye kebo ya baharini, ikateremka na pwani ya Afrika hadi Cape Town, ikageuzwa, ikarudi kwa njia ileile mpaka nyumbani kwa bibi harusi, umbali wa kutupa jiwe kutoka nilipokaa. Safari hii haikuwezekana hivi hivi kabla ya kebo ya SEACOM kufika pwani yetu mwaka 2009. Na tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, Tanzania nzima ilihisi: kurasa hazifunguki, miamala inasuasua, na anayerusha matangazo mubashara siku ile alijua wingu lake limeshikiliwa na waya.

Huko kwenye jengo, picha hupatwa na moja kati ya mambo mawili, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni kubadilishiwa chombo. Chai ni ileile. Umeitoa kwenye sufuria ukaitia kwenye chupa. Hakuna moto uliowashwa, hakuna sukari iliyoongezwa. Mimi nilirusha kwa RTMP, itifaki ya zamani iliyozaliwa kwa ajili ya Flash ya Macromedia, kampuni ambayo Adobe iliinunua mwaka 2005. Flash ilizikwa mwisho wa mwaka 2020, lakini RTMP haikufa nayo. Imebaki kama jahazi kuukuu linaloendelea kuvusha mizigo kwa sababu kila bandari bado ina gati lake. YouTube wanaipokea, Facebook wanaipokea. Simu ya mtazamaji haiielewi tena. iPhone haikuwahi kukubali Flash, na mwaka 2009 Apple ilileta njia yake, HLS: unaikata video vipande vya sekunde chache, kila kipande faili la kawaida, na orodha inayosema kipi kinafuata kipi. Seva yoyote ya tovuti inaweza kugawa mafaili. Kutoa biti za H.264 kwenye RTMP na kuziweka kwenye vipande vya HLS ni kumimina chai tu, na mashine ndogo inatosha.

La pili ni kupika upya, na hapo ndipo gharama ilipo. Mafundi huita transkodi. Mashine inaifungua picha yote, pikseli kwa pikseli, inaipunguza kimo au kuibadilisha fremu, kisha inaifinya tena tangu mwanzo. Picha ikiwa ya televisheni ya kawaida kazi inaongezeka, kwa sababu televisheni nyingi bado hurusha fremu zilizogawanywa mistari ya witiri na ya shufwa. Usipoziunganisha vizuri, miguu ya mwanariadha inaota meno ya kitana kwenye kioo cha simu. Filamu unaweza kuipika usiku mzima, ukiona imeharibika ukarudia. Matangazo mubashara hayana usiku. Sekunde moja ya picha lazima iwe imeiva kabla sekunde moja haijapita, vinginevyo foleni inajaa mpaka inafurika. Uzito wa kazi hii unaweza kuupima kwa jambo moja: mwaka 2021 Google ilitangaza kwamba imejitengenezea chipu yake yenyewe kwa ajili ya kupika video za YouTube, kwa sababu kompyuta za kawaida zilikuwa hazitoshi.

Na haipikwi mara moja. Inapikwa mara tano, sita, saba kwa wakati mmoja, kila mara kwa kipimo chake. Mkusanyiko huo ndio ngazi, na kila kipimo ni kidato. Katika mwongozo wa Apple kidato cha juu kwa H.264 ni mistari 1,080 kwa kilobiti 7,800 kwa sekunde. Unateremka 720, 540, 432, 360, mpaka cha chini kabisa chenye pikseli 416 kwa 234 na kilobiti 145 tu. Pleya iliyomo kwenye simu ndiyo inayochagua. Inapakua kipande, inapima kimechukua muda gani, inaamua kama kipande kijacho ipande au ishuke. Mtazamaji haoni uamuzi huo. Anachoona ni picha kufifia kidogo daladala inapopita bondeni na kung'aa tena inapopanda.

Ili mtu apande na kushuka bila kuteleza, vidato vyote lazima vikatwe mahali pamoja. Kama kidato cha juu kina fremu kamili kila baada ya fremu 50 na cha chini kila baada ya 60, pleya ikihama itaangukia katikati ya maelezo ya mabadiliko, bila picha ya kuyabadilisha. Inapotokea unaona uso wa msemaji umekatwa vigae vya rangi ya majivu kwa sekunde kadhaa. Nilipiga fremu 25 kwa sekunde, nikaagiza fremu kamili kila baada ya sekunde 2, na vipande vya sekunde 6: fremu 150 barabara, kwa kila kidato, bila fremu moja ya nyongeza. Hili nililipanga vizuri na nilijivunia.

Ile nusu dakika ya Muscat nayo ilitoka hapo. Wengi hudhani ni umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Safari ya kilomita 5,000 inachukua milisekunde 25, muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kilichochelewesha ni vipande. Kipande cha sekunde 6 hakiwezi kuondoka mpaka sekunde 6 zitimie, na kanuni za HLS zinaitaka pleya isianze karibu na mwisho wa orodha kuliko urefu wa vipande vitatu, ili iwe na akiba mkononi. Hapo umeshatimiza sekunde 18. Ongeza muda wa enkoda yangu, wa kupika, na wa kusambaza, unakaribia 30. Simu ya WhatsApp haina akiba ya maana; inatupa mbele kila inachopata na kinachopotea kimepotea, ndiyo maana sauti hukwaruza. Siku hizi zipo njia za kupunguza, Apple yenyewe ilileta HLS ya kuchelewa kidogo mwaka 2019, na kwa mpira ningeitumia, maana jirani akishangilia bao kabla yako utamu umekwisha. Kwa harusi sioni haja. Vigelegele mara mbili havijamdhuru mtu.

Picha ya wima ndiyo iliyonipa shida ambayo mashine haiwezi kuimaliza. Ukichukua fremu ya 1,920 kwa 1,080 na kuikata iwe wima kwa uwiano wa 9 kwa 16, unabaki na upana wa pikseli 608 hivi. Theluthi mbili ya picha imetupwa. Wingu linakata kwa ufundi mkubwa kabisa, mahali ulipoliambia likate, na mimi nililiambia katikati. Sasa mtazame bwana harusi amekaa kushoto, sheikh amekaa kulia, wameelekeana. Katikati yao kuna nini? Mkeka, kipaza sauti, na mikono miwili iliyoshikana. Vijana wakatazama mikono kwa dakika 20. Mmoja aliniambia baadaye kwamba ilikuwa nzuri kuliko sura zao, lakini aliniambia kwa huruma. Katika Kombe la Dunia la kriketi la 2023, India, waandaaji walitengeneza matangazo ya wima yenye upigaji wake, wakijua kwamba watu wengi watashika simu kwa mkono mmoja. Fainali ya mashindano hayo, Novemba 19, ilifikisha watazamaji milioni 59 kwa wakati mmoja kwenye Disney+ Hotstar. Kwa watu wengi kiasi hicho, mahali pa kukata picha hapaachiwi kompyuta.

Nirudi kwenye kosa.

Ukirusha YouTube, ngazi wanakutengenezea wao, mpaka mistari 144 kule chini. Hupewi nafasi ya kukosea. Lakini familia ilitaka ukurasa wao wa faragha, kwa hiyo ngazi ilikuwa yangu. Siku mbili kabla, ofisini Dar es Salaam, nilivijaribu vidato kimoja kimoja kwenye kioo changu kikubwa cha mezani. Cha juu kilipendeza. Cha 720 safi. Nilipofika kile cha mistari 234, kilivyotandazwa kwenye kioo cha inchi 27, sura zilikuwa kama zimepakwa unga. Nikaona aibu kazi yangu iende harusini ikiwa na sura ile. Nikakifuta. Nikafuta na cha juu yake. Cha chini kabisa kikawa mistari 480, kilobiti 1,200.

Sikuokoa hela yoyote ya maana. Pikseli 416 kwa 234 ni kama sehemu moja ya 21 ya HD kamili. Kidato nilichokiondoa ndicho kilikuwa rahisi kupika kuliko vyote. Nilikiondoa kwa sababu nilikitazama kwa macho yangu, mezani kwangu, na si kwa macho ya aliyekuwa anakihitaji, kwenye kioo chenye upana wa vidole vinne.

Sasa fanya hesabu ya Lushoto. Mtandao nyumbani kwa shangazi jioni ile ulikuwa unapitisha kiasi cha kilobiti 500 kwa sekunde. Namba hiyo niliikuta baadaye kwenye kumbukumbu za seva. Kipande cha sekunde 6 kwa kilobiti 1,200 kina kilobiti 7,200. Kufika kwake kinachukua sekunde 14 na ushee. Yaani kwa kila sekunde 6 za harusi, anasubiri 14, na kiduara kinazunguka. Pleya ilitaka kushuka, ikatafuta kidato cha chini yake, haikukikuta. Ningeacha kile cha 145 pamoja na sauti ya kilobiti 48, kipande kizima kingefika kwa sekunde 2 na ushee, na angebaki na akiba.

Na hata mtandao ungekuwa na nguvu, kuna bando. Saa moja kwenye kidato cha kilobiti 6,000 inameza GB 2.7. Saa moja kwenye cha 145, ukijumlisha na sauti, haifiki MB 90. Kwa mjukuu aliyenunua bando la siku ili bibi aone harusi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama dua itasikika mpaka mwisho. Apple kwa miaka mingi iliwawekea sharti watengeneza programu: video ya zaidi ya dakika 10 inayopita mtandao wa simu lazima iwe na kidato kisichozidi kilobiti 192. Sharti lile liliandikwa California. Sisi wenyewe, tunaoijua milima yetu na minara yetu, tumekuwa tukijenga ngazi zisizogusa ardhi. Nimeona mahubiri, mahafali, hata mazishi yakirushwa kwa kidato kimoja tu cha 1,080, na chini yake maoni yanamiminika: inakwama, inakwama, jamani inakwama. Mrushaji anawajibu wabadilishe mtandao.

Tangu siku ile naanza kujenga kutokea chini. Kidato cha kwanza kabisa kukipima ni cha mistari 234, na nakipima kwenye simu ya bei nafuu, nikiwa nimesimama uani. Majina yanayoandikwa chini ya picha nayakuza mara mbili ya ninavyopenda, kwa sababu herufi ndogo kwa mistari 234 zinageuka sisimizi. Sauti siipunguzi. Mtu huvumilia uso wenye ukungu kwa saa nzima, lakini neno likikatika katikati ya dua, amekwisha kutoka msikitini. Kwa hiyo kidato cha chini nakipa sauti ileile ya juu yake, na chini ya hicho naweka kimoja zaidi cha sauti peke yake, bila picha, kwa yule ambaye mtandao umembakishia uzi mmoja.

Mwaka uliofuata ukoo uleule uliozesha tena, msikiti uleule, nguzo ileile. Usiku, baada ya kukunja nyaya, nilifungua kumbukumbu za seva. Muscat walikaa juu muda wote. London walipanda na kushuka. Na simu moja ilikuwa imekaa kwenye kidato cha chini saa 1 na dakika 12, ikapanda mara mbili kwa dakika chache, ikashuka, haikukatika.

Asubuhi nilipigiwa simu na namba ya Lushoto. Nikaamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za nyumbani na za safari. Halafu akasema, "Mwanangu, yule sheikh kabla ya kuanza khutba alikohoa. Mara mbili. Mwambieni anywe tangawizi."

Nilirudi kwenye rekodi nikasikiliza kwa spika za kichwani. Alikohoa mara mbili.